Uso wa Vojta Motoni

Ludmila Havranek alikuwa na kalibu moja tu ya plasta, na ndani yake mlikuwa na uso wa mwanawe. Vojta alifariki kwa homa ya mapafu akiwa na miaka kumi na tisa, hajapigwa picha hata siku moja. Basi mama yake alifanya kile ambacho mikono yake ilikijua: alimpaka mafuta usoni, akammwagia plasta, akakaa kando ya kitanda mpaka ikakauka. Kule kwao Bohemia waliofanyiwa hivyo walikuwa wakubwa wa watu. Huku New York, chumba cha ghorofa ya nne, majirani wanasokota sigara kutwa, nani angemkataza?

Alikuwa fundi wa nta. Vichwa vya sanamu za madirishani mwa maduka ya nguo, vingi vilitoka mikononi mwake. Mwaka huo wa 1910 akaitwa studio moja ya sinema huko Bronx, akafanye kazi kwa Bwana Lathrop, mwongozaji. Lathrop alikuwa na hadithi ya daktari anayepika mtu tanurini, na mtu huyo akatoka zimwi. Akataka sanamu ya nta. Itachomwa, alisema, iyeyuke yote mpaka zibaki waya, lakini kwa ujanja wa kamera watazamaji wataona mambo yakirudi kinyume: nyama itapanda juu ya mifupa, uso utajikunjua.

"Atainuka kabisa?" Ludmila aliuliza.

"Atainuka, mama, kama unga uliotiwa hamira."

Maneno hayo alirudi nayo nyumbani. Kalibu ilikuwa na ufa tangu paji la uso hadi kidevuni, ingevumilia nta mara moja tu, basi. Jirani yake Ruzena alipojua anachofikiria alimgombeza sana, akamuuliza ni mama gani anayempeleka mwanawe motoni. Ludmila akamjibu kwamba nta ndiyo itakayoungua, Vojta atainuka. Hakutaka kingine duniani. Amwone akiinuka, mara moja tu, hata kama ni juu ya kitambaa cheupe.

Akaimimina nta. Kalibu ilipofunguliwa ilivunjika vipande saba, lakini uso ukatoka mzima, hata kile kikovu kidogo cha nyusi.

Mpiga picha wa studio alikuwa Dietz, Mjerumani mwenye mzaha, ambaye kila siku alimtegea Ludmila vitendawili ili ale vimkate vyake vya mbegu za mpopi. Asubuhi ya kazi alifika ameshika shavu, jino linamuua, lakini hakuacha mchezo wake.

"Haya, mama. Nikisimama kwa miguu, anayekufa anakufa. Nikisimama kwa kichwa, anafufuka. Mimi nani?"

Ludmila akafikiri, akataja jua, akataja popo, akashindwa. Dietz alisema jibu atalitoa jioni kwa bei ya vimkate viwili. Akaifunga kamera yake mbele ya tanuri, akaikaza skrubu, kisha jino likamzidi akakimbilia kwa daktari.

Ludmila alibaki anampaka Vojta rangi ya mashavu, na kila akigeuka anaiona kamera ile. Ilikuwa imefungwa miguu juu, kichwa chini. Ina maana mwanangu ataonekana ananing'inia kama nguruwe wa buchani? Akaona maumivu ya jino yamemvuruga Dietz akili. Alitaka kumwambia Lathrop, lakini Lathrop alikuwa nje anabishana na watu wa zimamoto, na fundi wa kike wa nta hakatizi maneno ya mwongozaji.

Akaja Prouty, mpiga picha wa kuazimwa, anatafuna tumbaku. Akaitazama kamera, akatazama huku na huku, akamkuta bibi peke yake.

"Ndivyo mnavyoziweka huku, mama?"

"Igeuze, mwanangu," Ludmila alisema. "Isimame sawasawa."

Akaigeuza.

Moto ukawashwa. Pua ndiyo iliyotangulia, kisha kope, kisha kidevu kikashuka kifuani. Ludmila hakulia. Alijiambia kwamba machozi ni ya mtu asiyejua mwisho wa hadithi.

Kesho yake Dietz alirudi, shavu limefungwa kitambaa, akamweleza: jibu la kitendawili ni kamera. Picha iliyopigwa kichwa chini, ukanda wake ukiugeuza mkia uwe mbele, watu husimama wima na wakati hurudi nyuma. Iliyopigwa sawasawa haigeuziki, watu wangetokea kichwa chini. Lathrop alishamkaripia Prouty, na Prouty alishasema ni nani aliyemwagiza. Ludmila aliomba atengeneze nyingine, huku akijua kalibu imo ndani ya kikapu, vipande saba.

Lathrop hakutupa kitu. Zimwi la kutoka tanurini likaigizwa na mtu aliyevaa nywele za katani, katika moshi mwingi. Nta ya Ludmila ikawekwa mwishoni, pale zimwi linapoangamia.

Ludmila akaenda kuitazama filamu kwenye ukumbi wa mtaani kwao, mchana, amevaa nguo zake za kanisani. Watu walipiga mayowe filamu nzima. Zimwi likajikwaa, likaanguka tanurini, na hapo ghafla akawa Vojta, mzima, anamtazama mama yake. Moto ukapanda. Ukumbi mzima ukapiga makofi, miguu ikapigwa sakafuni, kinanda kikacheza kwa furaha.

Mwanamume aliyekaa pembeni yake akamsogezea mfuko wa karanga.

"Usiogope, bibi. Limeshakufa."

"Najua," Ludmila alisema.

Watu wakatoka, wengine wakaingia. Yeye hakunyanyuka. Alikuwa amehesabu: tangu uso wa Vojta kutokea hadi moto kumfikia ni hesabu ya nne. Akavumilia tena filamu yote, daktari, moshi, nywele za katani. Moja, mbili, tatu, nne. Akafumba macho, na makofi yakaanza.