Mdomo Mpya wa Kenzie Schroeter

Lorna Schroeter hakupiga hodi. Aliingia chumba cha bendi akiwa bado amevaa aproni ya buchani, theluji ikiyeyuka kwenye buti zake, akasimama mbele ya meza ya mwalimu.

"Mwalimu Vavra," alisema, "mwanangu alikuwa anapiga tarumbeta. Umekuja wewe, sasa hapigi. Nieleze."

Corinne Vavra alikuwa katikati ya chakula cha mchana. Siku hiyo shule ilipika supu ya maharage na nyama, na mkate wa mdalasini wa kuchovya, na tonge alilokuwa nalo mdomoni ilibidi alimeze zima. Ulikuwa mwaka wake wa kwanza wa kufundisha, na mpaka mchana huo aliamini unakwenda vizuri.

"Anapiga, Mama Kenzie. Anajifunza namna mpya ya kuweka mdomo, basi. Ile ya zamani alikuwa anakandamiza sana, na tarumbeta ilikaa chini mno, kwa hiyo..."

"Najua alikuwa anakandamiza. Alikuwa na duara jekundu mdomoni kama mtu aliyebusu bomba. Lakini sauti ilikuwa inatoka! Sasa hivi nyumbani kwangu nafuga bata mgonjwa."

"Itachukua muda."

"Muda gani? Tamasha ni mwezi ujao. Ile sehemu ya kupiga peke yake ilikuwa yake, umempa mtoto wa Haverkamp. Kenzie anajifungia bafuni analia, anafungulia maji akidhani sisikii. Anasema hataki tena." Lorna alifuta mikono kwenye aproni ingawa haikuwa na kitu. "Ile tarumbeta tumeikodi. Ijumaa jioni naipeleka dukani, labda uwe na la kuniambia. Sasa kula, supu yako inapoa."

Akatoka. Corinne hakula.

Kilichomuumiza ni kwamba Kenzie ndiye mwanafunzi aliyempenda kuliko wote, ingawa mwalimu hatakiwi kusema hivyo. Mtoto alikuwa na sikio. Ukimwimbia kitu mara moja, anakirudisha. Corinne aliposikia sauti ile nzuri ikibanwa na mdomo mbovu, alijiona mwenyewe kabisa, akaamua kumfanyia alichofanyiwa yeye chuoni na Profesa Osgaard.

Kisa hicho alikuwa amekisimulia mara nyingi, kwa marafiki, kwa walimu wenzake, hata kwa kamati iliyomwajiri. Wiki ya kwanza chuoni, Profesa Osgaard, mtu mkubwa mwenye nyusi kama za mbwa wa kondoo, alimtazama mdomo akauliza, "Wewe ulijifunzia wapi, kwenye zizi la nguruwe?" Naye akajibu, "Ndiyo, Profesa," kwa sababu ilikuwa kweli, ndiko peke yake baba yake alikoruhusu kelele zile. Osgaard alicheka mpaka akatafuta kiti. Kisha akachukua tarumbeta ya Corinne, akaifungia kabatini, akamwachia kile kipande kidogo tu cha kupulizia. Corinne alikipuliza majira yote ya baridi kwenye chumba cha kufulia cha bweni, ambako ngurumo za mashine zilimfichia aibu. Kwa mvumo ule wasichana walimwita Nyuki. Midomo ilivimba. Halafu siku moja tarumbeta ilirudi mikononi mwake, na sauti ikatoka pana, bila kuomba ruhusa.

Alikipenda chuo kile. Aliyapenda mazoezi ya Alhamisi kwenye chumba cha chini ya ardhi, wapiga tarumbeta wote wamekaa mviringo, chupa ya samaki wa siki wa Osgaard ikinuka dirishani. Mtu akikosea noti, akakosea vibaya, wenzake walisugua miguu sakafuni kumpongeza, kwa sababu amethubutu. Hakuna mahali pengine duniani alipowahi kupongezwa kwa kuharibu.

Baada ya shule aliketi garini kwenye maegesho, hewa ya joto ikimpuliza miguuni, akampigia profesa wake. Mzee alikuwa amestaafu, akiishi Minnesota kando ya ziwa, na alipokea simu akiwa kwenye kibanda chake cha kuvulia samaki juu ya barafu ya ziwa.

"Vavra! Subiri, nina samaki." Zikasikika kelele za ndoo. "Sina samaki. Sema."

Corinne akamweleza yote, aproni na bata mgonjwa pamoja.

"Huyo mtoto ana umri gani?"

"Kumi na miwili."

"Alikuomba umbadilishe?"

"Hapana. Lakini Profesa, mimi pia hukuniuliza. Wiki ya kwanza tu ukaifungia tarumbeta yangu kabatini."

"Nani kasema wiki ya kwanza?"

"Mimi. Nilikuwepo!"

"Na mimi nilikuwa wapi, sokoni? Vavra, wiki ya kwanza nilikutania tu. Halafu nikakaa nikakusikiliza mpaka Krismasi. Tamasha la Krismasi ulilipiga kwa mdomo ule ule wa zizini, na ukapiga vizuri mpaka mke wangu akatoa machozi. Ni Januari ndiyo ulikuja mlangoni kwangu, koti limejaa theluji, ukasema, Profesa, nikipanda juu sauti inakabwa, nimechoka, nifanye lolote. Hapo ndipo nilipofunga kabati. Na ufunguo nilikupa wewe."

Ufunguo. Corinne akauona, umefungwa kwa uzi wa kuvulia, ukigongana na sarafu kwenye mfuko wa koti lake majira yale yote. Angeweza kwenda kufungua siku yoyote. Hakwenda kwa sababu hakutaka. Alikuwa amesimulia kisa kile mara nyingi, kila mara akiweka mbele sehemu ya ukali kwa kuwa ndiyo iliyochekesha watu, mpaka mlango, theluji na ufunguo vikadondoka njiani.

"Mimi nilidhani wewe ni mkali," alisema.

"Sijawahi kuwa mkali. Nina nyusi tu."

"Sasa nifanyeje?"

"Unajua. Na uombe msamaha kama mtu mzima, usimung'unye maneno. Huyo mama ananipendeza. Haya, kweli huyu ni samaki, kwaheri."

Ijumaa Lorna alifika na Kenzie. Mtoto alikumbatia kasha la tarumbeta, hakumtazama mwalimu.

"Kenzie," Corinne alisema, "nilikubadilisha mdomo bila kukuuliza unataka nini. Nilikosea. Mimi nilibadilisha nilipotaka mwenyewe, na nilikuwa mkubwa. Ukitaka mdomo wako wa zamani, ni wako. Hakuna atakayekukasirikia."

"Kwa hiyo unakiri," Lorna alisema.

"Nakiri."

"Mh. Sijazoea. Endelea."

"Ile sehemu sitamnyang'anya Trent Haverkamp, naye amefanya kazi. Lakini kwenye noti ina mikondo miwili, wa juu na wa chini, ingawa tulikuwa tunapiga mmoja tu. Nimemuuliza kama atakubali mgawane. Amesema wewe uchukue ule wa juu kwa sababu noti zake zinamtisha."

Kenzie akacheka puani, kisha akajilaumu kwa kucheka. Akafungua kasha, akaweka tarumbeta chini mdomoni, pale pa zamani, akakandamiza. Noti ya juu ikatoka, nyembamba, kali kidogo, lakini ikatoka. Uso wake wote ukafunguka.

Akarudia. Kisha, bila kuambiwa, akapandisha tarumbeta kidogo na kupiga noti ya chini kwa mdomo mpya. Ilikwaruza, halafu ikajaa chumba.

"Hizi za chini zinakuwa kubwa," alisema.

"Ndiyo."

"Lakini si sasa hivi."

"Si sasa hivi."

"Labda baada ya tamasha. Nimesema labda!"

"Nimesikia labda."

Lorna alitoa funguo za gari, akazichezesha. "Haya, twende. Nyama haijikati yenyewe."

"Nenda tu, Mama," Kenzie alisema, akivuta kiti mbele ya noti zake. "Mimi nina mazoezi."

Lorna akamgeukia mwalimu. "Umeona? Nimefukuzwa." Alikuwa tayari nje kwenye korido noti ya juu ilipokosewa vibaya sana, na kicheko cha mwanawe kikafuata.