Aliyeomba Kurudi Kundini

Tangu Stephano azikwe, Dorkasi hakufunga tena mlango wake mchana. Ukungu ulipopanda kutoka mashamba ya chai ya Mponde, saa tisa au kumi, kondoo wake wawili waliacha kutafuna bandani, na sauti ikamwita nje: "Hodi, Mama Janeth." Haikuwa kubwa. Ilikuwa sauti ya mtu mwenye adabu aliyelowa mvua. Mara ya kwanza alitoka, akakuta ua mtupu na migomba inadondosha maji. Siku hizi alijibu akiwa amekaa.

"Karibu, baba. Mlango uko wazi."

Hakuna aliyeingia.

Dorkasi alikuwa mzee wa kanisa, mwangalizi wa nyumba kumi na nane za mtaa wake. Yeye ndiye aliyekuwa akimpelekea mwinjilisti majina ya waliotengwa wanaotaka kurudi kundini. Stephano alitengwa kwa kuishi na Wema bila ndoa ya kanisa. Kabla ya Pasaka alikuja kuomba aandikwe. Dorkasi akamwambia arudi na Wema. Alirudi peke yake, akaambiwa vilevile. Mara ya tatu mvua ilikuwa kubwa na Dorkasi alikuwa anasonga ugali. Akamjibu kupitia dirisha, "Nimeshakwambia." Wiki ile ile ukingo wa shamba ulimporomokea Stephano akizibua mfereji. Majirani ndio waliomzika. Kengele haikupigwa, kwaya haikuja, na mwinjilisti Kristian alisimama kando na koti lake la kila siku.

Lakini aliyemtesa Dorkasi zaidi ni Esteria, mama wa marehemu. Kila walipokutana bombani Esteria alisema yale yale: "Mwanangu alikufa ameikataa njia, Mama Janeth. Hata kuomba hakuomba." Dorkasi alijitwisha ndoo, akaondoka.

Jumapili ya Mchungaji Mwema alipangiwa kusoma somo. Ni pale nabii anapowakaripia wachungaji kwa kondoo waliopotea bila kutafutwa. Alipofika hapo akakoma katikati ya mstari. Kristian akadhani ni kikohozi, akammalizia.

Baada ya ibada Dorkasi hakungoja salamu za mlangoni. Alishuka moja kwa moja kwa Esteria, ambaye tangu mazishi hakuwa amekanyaga kanisani. Alimkuta barazani anachambua maharage.

"Umewahi," Esteria alisema. "Au umekimbia matangazo?"

"Mama Stephano, aliomba."

"Nani?"

"Stephano. Alikuja kwangu mara tatu nimwandike arudi kundini. Sikumwandika."

Mikono ya Esteria ikasimama juu ya ungo.

"Unanifariji."

"Sikufariji. Mara ya tatu hata mlango sikumfungulia."

"Mwongo wewe. Nilimsihi mwenyewe, akanichekea. Haya, kwako alisemaje?"

Dorkasi akatazama chini. "Alisema, 'Mama Janeth, niandike mimi kwanza. Wema anaona aibu, hana viatu vya kuja navyo kanisani. Mbuzi mmoja akishaingia, wa pili atafuata. Ila uwe mwangalifu, huyo wa pili ana pembe.'"

Kicheko kikamtoka Esteria kabla hajakizuia.

"Ana pembe! Huyo ni yeye. Huyo ni mwanangu kabisa!"

Kisha ungo ukamponyoka, maharage yakatawanyika barazani, akalia kwa sauti ambayo hakuitoa hata makaburini. Dorkasi akapiga magoti kuyaokota.

"Acha. Usiguse kitu," Esteria alisema. "Jumapili ijayo utasimama mbele ya watu wote useme hayo. Na habari ya mlango usiiruke."

"Nitasema."

"Sasa niambie tena. Kama alivyosema yeye."

Dorkasi akasema. Esteria akamtaka arudie, polepole, asiache neno. Akarudia. Akarudia tena, mpaka sauti yake ikaanza kushuka na kupanda kama ya Stephano, na Esteria akafumba macho asimwone anayesema.