Hema Kushoto, Usiangalie

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, wahenga walisema, lakini wahenga hawakumjua Opondo. Opondo akisifiwa hatii maji. Anamwaga tembo lote, anapasua na kibuyu, halafu anageuka kuuliza ni nani amemwaga.

Alasiri hiyo Agneta Nakhungu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki katika bustani ya hoteli moja kando ya ziwa, Kisumu, na sahani ya ngege ilikuwa mbele yake. Hakuweza kumeza. Samaki hakuwa na kosa lolote, maskini, alikuwa amekaangwa akakaangika, na ugali ulikuwa moto. Ila kinyaa kilikuwa kimemkaa kooni tangu asubuhi, tangu Muhoroni, na kila akiangalia ile meza ndefu inayocheka kilizidi kupanda. Ungepita hapo ungedhani ni watu walioshinda. Walikuwa wameshindwa! Tena kwa namna ambayo mtu mwenye haya angejifungia nyumbani wiki nzima.

Agneta alikuwa navigeta. Ndiye anayekaa kando ya dereva wa rali na kumsomea njia: kona inayokuja ni ya kulia au ya kushoto, ni kali au ni nyepesi, kwa namba, moja ikiwa kali kabisa na sita nyepesi, wapi kuna mtaro, wapi kona inafunguka pa kukanyaga mafuta. Kwa mwendo ule, dereva akingoja aone kona kwa macho yake amechelewa. Kwa miaka mitatu Opondo, mwenye gereji pale Kondele, alikuwa akiendesha kwa macho ya Agneta, na Agneta, anayeuza vipuri duka la pili kutoka gereji hiyo, alikuwa na ndoto moja tu: kuketi kwenye kiti kile katika rali kubwa ya dunia, hata kama watamaliza wa mwisho. Mama yake kule Chwele alikuwa ameshawatangazia watu wa kanisa.

Ili kuingia rali kubwa, sharti kwanza ufuzu. Mbio za kufuzu zilikuwa katika barabara za mashamba ya miwa ya Muhoroni, na magari matatu ya kwanza tu ndiyo yangepata nafasi. La nne lingerudi nyumbani na vumbi lake. Mwaka wa kwanza giaboksi iliwavunjikia. Mwaka wa pili mvua iliwazamisha matopeni mpaka wakavutwa na trekta la miwa. Mwaka huu giaboksi ilikuwa mpya, mbingu zilikuwa kavu, na walipoingia kipande cha mwisho walikuwa wa pili. Wa pili, jamani! Walichohitaji ni kufika tu.

Shida ilikuwa hema.

Agneta aliliona hema hilo mapema, siku walipopita njia polepole ili aandike noti zake. Lilikuwa likisimamishwa ukingoni mwa shamba, upande wa kushoto, mara tu baada ya kona ndefu ya kulia. Lilikuwa hema la Mama Lornah, mwenye malori ya miwa, ambaye ndiye aliyegharamia gari lao. Siku ya mbio angeleta wageni wake, spika kubwa kama kabati, na mtangazaji wa pakruok.

Asiyeijua pakruok na aelezwe. Kwa Wajaluo, kwenye sherehe, mtu husimamisha muziki akasifu au akasifiwa: jina la baba yake, ziwa lake, ng'ombe wa ukoo wake. Na anayesifiwa hakai kama gogo. Huinuka, hupunga mkono, hucheza kidogo, la sivyo amemwaibisha anayemsifu. Ni jambo zuri, na Agneta, ingawa kwao ni Bungoma, alilipenda. Lakini sherehe ni sherehe na mbio ni mbio. Na alimjua mtu wake. Aliwahi kumwona Opondo akiliacha gari la mteja juu ya jeki, gurudumu mkononi, akavuka barabara mbio kwa sababu kipaza sauti cha duka la simu kilikuwa kimetaja jina lake.

Kwa hiyo aliandika, kwa herufi kubwa: Kulia tano, fungua, hema kushoto, usiangalie.

Opondo alipoona maneno hayo alicheka mpaka akajishika mbavu. "Agneta, kwani mimi ni mtoto?"

"Soma na unyamaze," Agneta alimwambia.

Siku ilipofika alimsomea. Alimsomea vizuri kuliko siku zote, sauti haitetemeki, kona baada ya kona, miwa ikipita pande zote mbili. "Kulia tano. Fungua. Hema kushoto, usiangalie. Usiangalie!"

Opondo aliangalia.

Mtangazaji alikuwa amepanda juu ya lori, na ile spika, ole wake aliyeikodisha, ilikuwa na nguvu ya kushinda injini. "Opondo! Wuod nam! Mtoto wa ziwa! Simba wa Usenge!" Watu wakaruka, kanga zikapepea. Na Agneta akasikia kitu ambacho hakuamini: gari linapunguza mwendo. Kisha breki ya mkono ikavutwa. Gari likazunguka papo hapo mbele ya hema, vumbi likawafunika wageni na soda zao, na Opondo akatoa mkono dirishani akapunga. Halafu, ebo, akazungusha mara ya pili!

"Twende!" Agneta alimpiga ngumi ya bega. "Opondo, twende, tunahesabiwa!"

"Wananiita, Agneta," Opondo alisema, uso wake umejaa furaha ndani ya helmeti. "Si unasikia wananiita?"

Wakamaliza wa nne. Sekunde nne ndizo zilizowatenga na wa tatu. Ile mizunguko peke yake ilikula mara tatu ya hizo.

Na sasa watu walewale waliokuwa hemani walikuwa wanatafuna samaki hapa ufuoni, wakipitisha simu kutoka mkono hadi mkono, wakitazama ile video ya gari likizunguka. "Ona hapo! Ona mkono!" Wanacheka, wanatazama tena. Kisha mmoja anakumbuka kusikitika, anatikisa kichwa, anasema ni bahati mbaya tu. Bahati mbaya! Agneta aliisukuma sahani kando.

Mama Lornah akavuta kiti akaketi karibu naye. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya upole, na alimshika mkono kama mtu aliyeleta rambirambi.

"Agneta mwanangu, kesho watu wa redio watauliza kwa nini tumekosa. Lazima kuwe na sababu. Nataka uchukue maiki sasa hivi useme mbele ya wote ulikosea kusoma ile kona."

"Mama, si ulikuwa pale? Si uliona?"

"Niliona. Wote tuliona, na tulifurahi. Sasa tujilaumu kwa kufurahi?" Alimpapasa mkono. "Navigeta akikosea watu wanasahau. Dereva akiharibika jina, hakuna mtu ataweka pesa kwa hiyo gari tena, hata mimi. Sema tu, na mwakani kiti ni chako. Nakuahidi mbele ya Mungu."

Agneta akamgeukia Opondo, aliyekuwa upande wa pili wa meza, akifyonza kichwa cha ngege. Alikuwa amesikia kila neno. Agneta alimtazama akingoja angalau aone haya.

"Ni maneno tu, Agneta," Opondo alisema bila kuinua macho. "Yataisha. Hata mimi roho inaniuma." Akatoa mfupa mdomoni, akauweka vizuri pembeni mwa sahani, akarudi kwenye jicho la samaki.

Agneta aliondoa macho kwake. Lakini tusimpake mafuta: alikitaka pia kile kiti. Alikitaka mpaka sekunde hiyo, na alijua akiondoka hapa hakuna mwenye gari mwingine Kisumu nzima atakayempa. Alifikiria kanisa la Chwele. Aliinuka, akaenda kwa yule mtangazaji wa hemani, aliyekuwa akipiga muziki pembeni, akaomba maiki.

Muziki ukakatwa. "Nyar Bungoma!" mtangazaji akapaza sauti. "Binti wa Bungoma ana neno! Ongea, mama!"

"Nataka kumsifu Opondo," Agneta alisema.

Bustani ikashangilia.

Alitumia sauti yake ya garini, kavu, isiyo na tabasamu. "Opondo, wuod nam. Magari mengine yalipita hemani mbio kama yanafukuzwa. Yeye alisimama awasalimu. Alikuwa wa pili, akajishusha mwenyewe mpaka wa nne. Nilimsomea: hema kushoto, usiangalie. Akaangalia. Rali kubwa itaanza bila yeye na bila mimi, kwa sababu nyinyi mliita jina lake na yeye akaitika. Huyo ndiye Opondo wenu."

Akashusha maiki. Alingoja bustani itulie. Alingoja Mama Lornah akasirike, alingoja hata kutukanwa. Chochote.

Bustani ikalipuka kwa vigelegele. Watu waligonga meza, chupa zikaanguka. "Rudia hapo kwa hema!" mmoja akapiga kelele. Mama Lornah alikuwa anapiga makofi mpaka bangili zinalia. "Umempamba! Haki umempamba huyu kijana!" Na Opondo, aka, Opondo alikuwa ameshasimama juu ya kiti, mikono hewani, vidole vinang'aa mafuta ya samaki, anajizungusha. Mara moja, kisha mara ya pili.

Agneta aliirudisha maiki. Kilemba cha ukoka wamekivisha kichwa kilichokizoea, alijisemea, na akatema mate nyasini bila kujali nani anamwona.

Gari lilikuwa nje, juu ya trela, kando ya barabara. Kwenye dirisha la nyuma yalikuwa majina mawili yaliyobandikwa, Opondo juu, A. Nakhungu chini yake, kila moja na bendera. Alianza kubandua lake kwa kucha. Gundi ilikuwa ngumu na karatasi ilitoka vipande vipande.

Opondo akaja akihema, bado anatabasamu. Alipoona anachofanya, tabasamu likapungua.

"Unafanya nini?"

"Natoa jina langu."

"Agneta, tafadhali. Wamefurahi, Mama Lornah amesema mwakani tuko ndani, wewe na mimi." Alilishika trela kama anayezuia lisiondoke. "Sasa nani atanisomea?"

"Wale wa hemani," Agneta alisema. "Si ndio unaowasikia?"

Opondo alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana kama mtu aliyeelewa kitu, na Agneta, kucha imesimama juu ya herufi ya mwisho, alimngoja aseme.

Ndani ya bustani spika ikakwaruza. "Opondo! Wuod nam! Simba wa Usenge, uko wapi?"

Opondo alimtazama Agneta, akaitazama bustani, akaenda.