Msumari wa Mama Mkwe

Dereva teksi alipoambiwa na daktari kwamba damu yake imepungukiwa madini ya chuma, mama mkwe wake alimpata mchawi palepale: gari jipya la umeme alilokabidhiwa na tajiri wake.

"Mota ina sumaku, mkwe wangu. Inakufyonza chuma! Rudisha ufunguo kwa tajiri leo hii."

"Mama, nikirudisha tutakula upepo."

"Afadhali kula upepo kuliko kuzika."

Ili apate ushahidi, mama mkwe alifunga msumari kwenye uzi, akajipakia kiti cha mbele, mkoba mapajani, akauning'iniza juu ya kiti cha dereva. Msumari ukatulia tuli kama mgeni asiyemjua mtu. Akausogeza kwenye usukani, wapi! Akaurudisha kwake achunguze fundo. Msumari ukaruka, ukang'ang'ania kifungo cha sumaku cha mkoba wake, ta!

Dereva alikohoa kuficha kicheko. Kazi ilikuwa imepona.

"Kumbe mchawi ni huyu!" mama mkwe alisema, akiushika mkoba kwa ncha za vidole. "Miaka sita namkumbatia. Ndiyo maana magoti yananiuma! Mtie kwenye buti, kisha unipeleke nikanunue mwingine. Wa zipu."