Sanamu Zilizopanda Basi la Mishamo

Jumanne asubuhi Salvatori alikuwa anafuta vioo vya kabati la maonyesho, Mpanda mjini, kwa gazeti lililoloweshwa. Alipofika rafu ya chini, kiboko wa udongo alisukuma mlango kwa pua, akateremka sakafuni. Bibi mchuuzi wa samaki wa migebuka akamfuata na beseni lake kichwani. Kisha fisi, kisha mamba, kisha wengine wote hadi ishirini na saba. Walitembea vilevile walivyotembea kwenye sinema, kwa kushtukashtuka, wakatoka nje na kushika njia ya stendi.

Amedeus, afisa utamaduni, aliwapisha mlangoni. "Mzee, ufunguzi ni Jumamosi," alisema. "Redio wameshathibitisha."

"Najua," Salvatori alijibu, akaenda stendi.

Kule kondakta Silvester alimwambia basi la Mishamo limeshaondoka. "Nimewaweka siti ya nyuma. Mamba hakuenea, nimemfunga kwenye keria." Salvatori hakuuliza walikuwa wanakwenda kwa nani. Alikaa kwenye benchi akasubiri gari la pili.

Kwa miaka kumi na minane, kila mtengeneza filamu wa Dar es Salaam aliyehitaji mnyama asiyekubali kuigiza alimpigia simu Salvatori. Mamba wa kumeza daraja, kiboko wa kucheza ngoma, wote walitoka kwake. Sanamu ya udongo inasogezwa kidogo, inapigwa picha, inasogezwa tena. Picha kumi na mbili kwa sekunde moja tu ya kutembea. Alifanya filamu kumi na tisa. Alipewa tuzo, akafundisha vijana, akaandikiwa kitabu. Ndani ya kitabu kuna sura nzima kuhusu mikono yake.

Mikono ile ilikuwa inatetemeka tangu utotoni. Aliyefinyanga ni dada yake mkubwa, Emelyne. Ndiye aliyegundua kwamba udongo ukikandwa na mawese ya Karema na nta ya nyuki haupasuki. Ndiye aliyekata spoku za baiskeli kuwa mifupa, na ndiye aliyesogeza kila mguu, kila mkia, kila ukope, katika chumba walichopanga karibu na reli. Salvatori alibonyeza kamera.

Mwanzoni kabisa, siku moja alikuja mkurugenzi wa filamu kutoka Dar, akamtazama mamba kwa muda mrefu. "Umemtengeneza mwenyewe?" aliuliza. Emelyne alikuwa amesimama pale pale, udongo umemfika viwikoni, akaanza kueleza kwa Kiswahili chake chenye Kirundi kingi. Salvatori aliona mgeni anakunja uso kwa kutoelewa. Akaona haya.

"Ndiyo, mwenyewe," alisema. "Huyu ni dada yangu. Ananipikia."

Emelyne alinawa mikono akaenda kuchemsha chai. Aliendelea kufinyanga miaka kumi na minane baada ya hapo, mpaka vidole vilipopinda, ndipo akarudi kwao Mishamo kulima maharage. Hawakuwahi kulizungumza jambo lile.

Salvatori alifika saa kumi jioni. Emelyne alikuwa amekaa kwenye mkeka uani. Bibi mchuuzi na fisi walikuwa wanamchambulia maharage, na kiboko alikuwa amelalia vidole vyake ili vipate joto.

"Karibu, musaza wanje," Emelyne alisema. Ndivyo alivyomwita mdogo wake siku zote, ndugu yangu kwa Kirundi. "Wenzako wamefika saa nane. Wamenisaidia sana."

"Shikamoo, dada. Jumamosi kuna ufunguzi. Wanatakiwa kabatini."

"Waambie. Mimi sikuwaita."

Salvatori aliwaambia. Mamba aligeuza kichwa upande wa pili, polepole, kwa picha nne.

"Wanataka nini?" Salvatori aliuliza.

"Mimi nilisoma darasa la tano tu," Emelyne alisema. "Wewe ndiye umeandikiwa kitabu."

Alimpa ugali na maharage. Salvatori alikula akitazama sahani, kwa sababu kila alipoinua macho alikutana na vile vidole. Alipomaliza alisema, "Jumamosi nitakutaja. Nitasema yote."

"Sawa. Nitafungua redio."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Kabati lilikuwa tupu, na ubavuni kibao cha shaba kilisema sanamu zote zimebuniwa na kutengenezwa na Salvatori Ntahomvukiye. Deo, mwanafunzi wake wa zamani, alimkaribisha kama baba wa sinema za udongo. Watu walisimama. Salvatori alishika kipaza sauti, na jina la dada yake lilikuwa tayari mdomoni. Aliusikia uzito wake kwenye ulimi. Kisha akamwona Deo akimtazama, akawaza kwamba baada ya jina lile Deo atauliza: na wewe, mwalimu, ulikuwa unafanya nini?

"Namshukuru pia fundi mmoja wa Mishamo," alisema, "anayenisaidia matengenezo. Sanamu ziko kwake kwa sasa."

Walipiga makofi. Salvatori alihisi masikio yanaungua, akainama kana kwamba anashukuru.

Kule Mishamo, jirani yake Emelyne, mama mmoja aitwaye Aline, aliuliza ni fundi gani huyo aliyetajwa redioni.

"Mafundi ni wengi huku," Emelyne alisema. Akazima redio, akamwambia kiboko asogee kidogo, anataka kuanua maharage kabla ya mvua.

Sanamu hazikurudi. Huko Mishamo wanazijua, na msimu wa kupalilia watu huja kuziazima. Mpanda, kabati limeachwa palepale, na shule huleta watoto kulitazama. Huketi sakafuni mbele ya rafu tupu wakanakili kibao kwenye madaftari.

Alhamisi moja Salvatori alipita nyuma yao. Mtoto mmoja wa kike alikuwa ameandika *Sarvatori*, akasita, akamwinulia uso.

"Babu, ni r au ni l?"

Salvatori aliinama, akashika penseli kwa mkono wake unaotetemeka. "Ni l," alisema, akamsahihishia.