Arobaini na Moja Waliopatana

Asiyesahau hana dogo, na Sindano hakusahau kitu. Mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu alikuwa fundi cherehani, na pia kwa ulimi wake.

Asubuhi ya kumzawadia askari bora aliingia kituo cha polisi na mdogo wake wa kike, ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji na kuning'inizwa shingoni. Aliyeuvunja alikuwa mume wa mdogo huyo, waliyekwisha kuachana naye. Faili lilifungwa siku ya tatu kwa neno moja: wamepatana. Mume huyo kila jioni alipita dirishani akipiga mluzi.

Ukutani palikuwa na ubao: KESI ZILIZOFUNGWA. Sajenti wa mapokezi aliongoza kwa arobaini na moja. Mwenye nyingi ndiye hupanda cheo, basi amkamate mtu wa nini? Kalamu haichoki kama miguu.

"Afande," Sindano alimwambia mkuu wa kituo, mama aliyehamia juzi, "kabla ya zawadi, tusomee majina ya waliopatana."

"Dada, hapa si harusini," sajenti akacheka.

"Kumbe! Na wewe umeshafungisha arobaini na moja!"

Mkuu hakucheka. Akafungua daftari la kesi, akasoma jina la kwanza.

"Nipo! Sijapatana na mtu!"

Sauti ilitoka mlangoni. La pili likajibiwa kutoka barazani, la tatu kutoka uani. Sajenti hakujua kwamba mwanamke akipimwa nguo, futi ikigusa ubavu uliovimba, hushtuka. Na fundi huuliza. Sindano aliuliza miaka tisa. Siku hiyo aliwaita, wakaja thelathini na watatu.

Mkuu akarudisha zawadi kabatini, akafuta ubao kwa kiganja chake. Akaandika: DAKIKA ZA KUFIKA. Chini yake: FAILI HUFUNGWA KWA SAINI YA MLALAMIKAJI.

"Kuanzia leo vyeo vitapimwa hapa," alisema. "Sajenti, faili la huyu mwenye bendeji limefunguliwa. Nenda. Nakuhesabia."

Sajenti alitoka mbio, kofia mkononi. Baada ya dakika kumi na tisa akafika nyumbani kwa mtuhumiwa. Kabla ya adhuhuri mume yule alikuwa mahabusu, na mluzi umemkauka.

Sajenti akamrudia mwenye bendeji na faili, jasho linamtiririka. "Dada yangu, nimemleta. Sasa utanisainia tufunge?"

Mdogo mtu akamtazama Sindano. Sindano akatazama dari: safari hii mdogo wake ajisemee mwenyewe.

Mdogo mtu akaishika kalamu kwa mkono wa kushoto, akaandika polepole, herufi kubwa zilizopinda:

BADO.

Wanawake waliokuwa uani wakapiga vigelegele hadi ubao ukatikisika.