Mwenyekiti Atoa Mti

Fundi seremala alipochaguliwa mwenyekiti wa kamati ya msitu, alijinunulia filimbi. Hakuna aliyemwagiza. Mwenyewe alijua kwamba watu wachache waliokaa kwenye mabenchi ya karakana yake hawana haja ya kupulizwa filimbi, lakini cheo ni cheo.

Siku ya kikao cha msitu aliipuliza kwa nguvu, maana mambo yalikuwa magumu. Bwana misitu alikuwa amesema wazi: wanaoutumia msitu wakubaliane leo kila mmoja ataacha nini, la sivyo unafungwa kwa wote. Msitu ukifungwa, fundi atabaki na randa yake na hadithi.

Wakaanza kutoa, na kila mtu alikuwa mkarimu kwa mali ya mwenzake. Mkubwa wa wachoma mkaa aliyatoa magogo makubwa, riziki ya maseremala. Shangazi yake fundi, msemaji wa wafuga nyuki, akazitoa tanuri zote za mkaa bila kusaza hata moja. Fundi akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kiongozi.

Shangazi akamgeukia. "Na wewe, mwanangu? Au mwenyekiti hautumii msitu?"

Hakuwa amejihesabu. Akasimama, akakohoa, akatangaza kuwa anauacha ule mninga mkubwa ulio juu ya chemchemi, mti alioutamani tangu anajifunza kazi. Alisema kwa uchungu hadi sauti ikamkauka, na uchungu wenyewe, tuseme kweli, ulikuwa na maringo ndani yake. Mchoma mkaa, mtu asiyelegezwa na maneno, akainamisha kichwa. Akasema basi na wao wanauacha mteremko wote wa mashariki. Fundi akajiona jabali.

Hapo bwana misitu, aliyeketi karibu naye, akamnong'oneza kwamba mninga ule uko kwenye eneo la chemchemi, na tangu zamani hakuna aliyeruhusiwa kuukata.

Fundi aliona haya hadi masikio yakawaka moto. Ametoa kisicho chake kama wenzake, ila yeye karibu akililie. Angeweza kunyamaza, maana mapatano yalikwisha kunukia. Lakini mchoma mkaa alikuwa amekaa akijifuta jasho, kama mtu aliyetoa kitu kweli.

"Jamani, nimewapa mti usio wangu," fundi alisema. "Wangu ni huu: bonde la nyuma ya karakana sikati tena mpaka miche iwe miti."

Wakamcheka vizuri, mchoma mkaa kuliko wote, lakini mteremko wake hakuudai tena. Shangazi alipomaliza kujipangusa machozi ya kicheko alisema wafuga nyuki nao wataacha kurina asali kwa mienge ya moto.

Msitu haukufungwa. Kesho yake fundi alipita bondeni, akaigusa miti mizuri mmoja mmoja. Kila mmoja ulimuuma, na safari hii hapakuwa na mtu wa kumtazama.